Kila Umri na Kilio Chake: Hisia za Mtoto katika Malezi ya Masasi na Newala

(Mhadhara uliotolewa Masasi mbele ya walimu, wazazi, makungwi, wahudumu wa afya na viongozi wa dini)

   

 Najua msimu umeanza, na mtu anayeacha korosho zikidondoka shambani kwake ili aje kusikiliza mhadhara, huyo anastahili asichoshwe. Nitajitahidi.

Nimekuja na hoja moja. Kilio, hasira, woga na huzuni ya mtoto hatuvipimi kwa jinsi vinavyotukera sisi wakubwa. Tunavipima kwa umri wake. Jambo lile lile laweza kuwa dalili ya afya kwa mtoto wa miaka miwili, likawa dalili ya hatari kwa mtoto wa miaka kumi. Tena kazi ya mlezi si kuzima hisia. Kazi yake ni kumvusha mtoto, hatua kwa hatua, kutoka kulia kwa mwili mzima hadi kusema kwa maneno. Anayemrusha mtoto hatua hulea ukimya, naye akadhani analea adabu.

Ili tusipotezane njiani, naomba tushike vipimo vitatu. Cha kwanza ni umri: je, hili ni la rika lake? Cha pili ni muda: linapita, au limekaa wiki na wiki? Cha tatu ni madhara: linamuumiza mwenyewe au wenzake, linamnyima usingizi, chakula, michezo, masomo? Kwa vipimo hivyo nitapita katika hatua tano.

1. Mtoto mchanga: kilio ndiyo lugha aliyo nayo

Mtoto mchanga hulia zaidi na zaidi tangu wiki za mwanzo. Kilio hufika kilele karibu na wiki ya 6, kisha hupungua kuelekea mwezi wa 3 au wa 4. Watafiti wameliona hili Ulaya na Marekani, na wakaliona pia kwa Wasan wa Kalahari, ambao wakati huo mama zao walimbeba mtoto mchana kutwa na kumnyonyesha kila mara. Kule nako kilele kilikuwepo. Tofauti ni kwamba kila kilio kilikatika upesi, kwa sababu mtu alikuwa karibu. Kwa hiyo mama mwenye mtoto wa wiki 6 anayelia jioni asiambiwe kwamba maziwa yake ni mabaya, wala kwamba kuna mtu kamwangalia mwanawe vibaya. Asaidiwe kumbeba.

Je, kumbeba kila anapolia si kumdekeza? Jibu zuri lilipatikana hapa hapa Afrika Mashariki. Mwaka 1954 mtafiti Mary Ainsworth alifika Uganda, akawa anatembelea nyumba za familia 26 katika vijiji vya karibu na Kampala, akiangalia mama na mtoto wanavyoishi. Kitabu chake kuhusu kazi hiyo kilitoka mwaka 1967. Aliona kwamba mtoto aliyekuwa na hakika na mama yake alilia kidogo. Alitambaa, akaenda kuchunguza vitu, akarudi kwa mama, akaenda tena. Mama akirudi kutoka shamba, alimpokea kwa kupiga makofi. Mtoto asiye na hakika ndiye aliyelia sana, hata akiwa mikononi mwa mama. Kuitikiwa humpa mtoto hakika, na hakika ndiyo inayompunguzia kilio.

Hapa nawaona mama zangu wa Newala wananitazama. Mnasema: wewe unaongea habari ya kukaa karibu, nani aliyekuwa na nafasi hiyo? Ni kweli. Juu ya uwanda wa Makonde, ilipo Newala, hakuna mto. Kabla ya mradi wa maji wa Makonde kuanza katika miaka ya 1950, mama aliteremka bondeni kufuata maji, akapanda tena na mzigo kichwani, na mtoto akabaki kwa bibi au kwa dada. Lakini Ainsworth aliliona hilo pia: watoto walishikamana na baba, na bibi, na ndugu zao wakubwa. Mtoto hahitaji mtu mmoja asiyeondoka kamwe. Anahitaji watu wachache, wale wale, wanaomwitikia. Linalomvuruga ni kupitishwa mikono mipya kila siku.

Basi lisilo la afya katika umri huu ni lipi? Wengi hudhani ni kulia sana. Mimi nahofia zaidi mtoto asiyelia. Asiyetafuta uso wa mtu, asiyecheka akichezewa, anayelala tu, akasifiwa kuwa mpole. Mtoto mwenye utapiamlo mkali huwa hivyo: hupoa, huacha kucheza, hana habari na mtu. Mtoto wa namna hiyo tusimsifu. Tumpeleke zahanati apimwe uzito na mzingo wa mkono.

2. Mwaka mmoja hadi mitatu: kugaragara

Huu ndio umri wa kujibwaga chini sokoni. Mtoto amejua kutaka, hajajua kusubiri. Maneno anayo kidogo, matakwa anayo tele. Katika umri huo huo huachishwa ziwa, mara nyingi mdogo wake anakuja, na mgongo aliouzoea unapata mwenyewe mwingine. Akigaragara, akang'ata, akamfinya mdogo wake, hana shetani. Ni wivu na hasira za umri wake, na kwa kawaida hupungua anapokaribia miaka minne, maneno yanapomkolea.

Wahenga wametuachia methali mbili ambazo wazazi hurushiana. Mmoja husema: mwana akililia wembe, mpe. Mwingine hujibu: mchelea mwana kulia, hulia yeye. Tukizisikiliza vizuri, ya kwanza yamwacha mtoto ajifunze kwa kuumia, ya pili yaonya dhidi ya kumchelea, na hakuna inayosema mtoto asilie. Kumchelea ni kumpa kila kitu ili anyamaze. Kutomchelea ni kushika mpaka wako na kukubali kwamba atalia. Basi mwambie: «Kisu sikupi. Najua umekasirika.» Kaa karibu, ngoja kimbunga kipite, kisha mshike. Makosa yapo pande zote mbili: kumpa kisu ili anyamaze, na kumpiga kwa sababu amelia baada ya kunyimwa. Anayempiga mtoto anayelia ili aache kulia amempa sababu ya pili ya kulia na kumkataza kuitumia.

Nipitie jambo moja ambalo huwatisha sana wazazi. Mtoto analia, ghafla anakata pumzi, midomo inageuka rangi, analegea, pengine anazimia kidogo, kisha anazinduka. Nyumba nzima hutoka mbio. Wengine husema ni degedege, wengine husema ametupiwa jambo. Mara nyingi ni hali ya kukata pumzi kwa kilio; huwapata baadhi ya watoto wa umri huu na wengi huiacha wakikua. Lakini mara nyingi huandamana na upungufu wa madini ya chuma, na hapa kwetu malaria na minyoo humaliza damu ya watoto. Apimwe damu. Na tukio la kwanza mwonesheni mganga wa hospitali, kwa sababu degedege la kweli nalo lipo, na mzazi hawezi kuzitenganisha peke yake.

3. Miaka mitatu hadi sita: woga na maneno

Sasa mtoto amepata maneno, na pamoja nayo amepata mawazo. Anaota, anaogopa giza, anasema uongo mdogo, anaongea na wanasesere wa mabunzi ya mahindi. Hii ndiyo hatua ya dhahabu ya kumfundisha majina ya yaliyomo moyoni: nimekasirika, nimeona haya, nimeogopa, nina wivu, nimekukumbuka. Bibi zetu walifanya kazi hii usiku kwa hadithi za Sungura na Fisi. Mtoto alimcheka Fisi mwenye uroho bila ya kuambiwa kwamba yeye mwenyewe jana alikula ya mwenzake. Nyumba nyingi leo zina televisheni na simu, na hakuna anayeuliza mtoto: «Fisi alijisikiaje?»

Badala ya hadithi, tumebaki na vitisho. «Nyamaza, atakuja mumiani.» «Ukilia, daktari atakuchoma sindano.» «Nitamwita askari.» Vinafanya kazi, sikatai, mtoto hunyamaza papo hapo. Lakini amejifunza mambo mawili: kwamba anayelia huletewa baya, na kwamba daktari na askari ni wa kukimbiwa. Kesho akiumwa, au akifanyiwa ubaya na mtu, atamkimbilia nani?

Kikojozi naye ni wa hapa. Mtoto wa miaka minne au mitano kukojoa kitandani bado ni jambo la kawaida. Kumtembeza mtaani na mkeka wake, wenzake wakimzomea, hakujamkausha mtoto yeyote. Kumemwongezea aibu tu. La kutazamwa ni mtoto aliyekuwa ameshaacha, kisha ameanza tena. Huyo ana jambo: ugonjwa, mdogo mpya, ugomvi wa wazazi, au mtu anamtendea vibaya. Mkojo wake unasema asichoweza kusema. Wahenga walisema mficha maradhi, kilio humfichua. Mtoto naye, tukimziba mdomo, mwili humsemea.

Na misiba. Tuna desturi ya kumwambia mtoto kwamba marehemu amesafiri. Mtoto wa umri huu bado anadhani aliyekufa anaweza kurudi, kwa hiyo hukaa akingoja, na akiona siku zinapita huhisi ameachwa makusudi. Mwambieni kwa upole kwamba bibi amekufa, hatarudi, na kwamba si kosa la mtoto. Ataenda kucheza baada ya dakika tano. Msimwone hana huruma. Huzuni ya mtoto huja na kuondoka.

4. Miaka saba hadi kumi na mbili: shule, fimbo na kumbi

Wazee wangu, hapa naomba muda zaidi.

Katika umri huu mtoto anaweza kusubiri zamu, kueleza kilichomuudhi, kuomba radhi na kuficha hisia mbele za watu. Kuficha kwa hiari ni ustadi, sote tunauhitaji. Kasoro ni pale anapoficha kila kitu, kila mahali, kwa kila mtu. Mtoto huyo utamwona kwa njia nyingine: tumbo linauma kila Jumatatu asubuhi, kichwa kinauma kabla ya hesabu, hataki shule, anawapiga wadogo, anatesa mbuzi.

Nianze na fimbo. Utafiti wa kitaifa wa ukatili dhidi ya watoto Tanzania uliofanywa mwaka 2009, na kutolewa mwaka 2011, ulikuta kwamba karibu robo tatu ya vijana, wa kike na wa kiume, walifanyiwa ukatili wa kimwili na ndugu, mtu mwenye mamlaka au mwenza kabla ya kutimiza miaka 18, na takriban robo walifanyiwa ukatili wa kihisia na mtu mzima. Kanuni za adhabu ya viboko shuleni, walimu wenzangu, zinasema visizidi vinne, vitolewe na mwalimu mkuu au aliyempa idhini kwa maandishi, na viandikwe kitabuni. Sitawauliza hapa nani anakifahamu kitabu hicho kilipo. (Kicheko.) Kenya walikataza viboko shuleni mwaka 2001, na shule bado zipo. Mwaka 2014 mtafiti Tobias Hecker na wenzake walichapisha uchunguzi wa watoto wa shule ya msingi nchini mwetu: karibu wote walikuwa wamepigwa, na waliopigwa kwa ukali zaidi ndio waliokuwa na ugomvi mwingi zaidi na moyo mdogo wa kusaidia wenzao. Fimbo hufundisha kimya darasani, na ugomvi nyuma ya darasa.

Sasa niende kumbini, yaani kwenye jando na unyago. Waliosoma historia wanajua kwamba mjadala huu ni mkongwe kwetu. Mwaka 1906 Mjerumani Karl Weule, kutoka jumba la makumbusho la Leipzig, alipita Masasi na Newala akichunguza mila, jando na unyago zikiwamo. Vincent Lucas, aliyekuwa Askofu wa Masasi tangu mwaka 1926, hakuona sababu ya kufuta jando. Aliliweka chini ya kanisa, ibada mahali pa tambiko. Hakika aliona kwamba kuna shule ndani yake. Nami nakubaliana naye.

Wazee waniwie radhi, siri ya kumbi siimwagi hadharani. Nasema yaliyokwisha kuandikwa vitabuni tu. Wamakonde wana ngoma ya vinyago. Wengine huiita mapiko, wengine midimu. Mtoto ambaye hajaingia kumbini huambiwa kwamba yule anayecheza si mtu. Hukimbia, hujificha nyuma ya mama yake. Baadaye, akiwa kumbini, mikononi mwa watu wanaomlinda, huoneshwa kwamba nyuma ya kinyago kuna mtu. Tazameni ufundi wa wazee hawa: walimtia woga, kisha wakamvua woga ule mbele ya macho yake, kwa wakati maalumu. Vitisho vyetu vya mumiani na sindano havina siku ya kuvuliwa. Mtoto hukua navyo.

Jambo la pili: ujasiri wa kumbini ulikuwa na mipaka. Kijana aliambiwa asilie mbele ya ngariba. Lakini alikuwa na mlezi wake, alikuwa na wenzake wa rika, na alikaa kwa miezi akifundishwa, akitaniwa, akiimba. Siku hizi kumbi tumeibana ndani ya likizo ya Juni au Desemba. Tunapeleka watoto wa darasa la pili na la tatu. Wavulana tunawatoa na neno moja: wewe sasa mwanaume, usilie. Wasichana tunawatoa na jingine: umekua, vumilia. Mafunzo tumeyapunguza, umri tumeushusha, hukumu ya utu uzima tumeiacha vile vile. Mtoto wa miaka minane anarudi nyumbani akiwa amekatazwa kulia, hajafundishwa afanye nini badala yake. Lawama hii simtwishi kungwi wala ngariba. Ni yetu sote tulioharakisha, pengine kwa sababu fedha ya korosho imeingia na jirani amekwisha kumcheza mwanawe.

5. Balehe: kumi na tatu na kuendelea

Hapa nitapita haraka, maana wengi wenu mna kijana nyumbani na mnajua mlango unavyobamizwa. Mwili hukomaa mapema. Sehemu ya ubongo inayopima matokeo na kushika breki huendelea kukomaa hadi miaka ya ishirini na kitu. Kwa hiyo kijana mrefu kuliko baba yake bado anaweza kufanya uamuzi wa hamaki. Kununa siku mbili, kubishana, kutaka faragha, kulia kwa sababu ya penzi, yote haya ni ya rika.

Yasiyo ya rika: huzuni au hasira inayokaa zaidi ya wiki mbili bila kuachia, kujitenga na marafiki wote, kujikata mwilini, pombe, na maneno kama «ni bora nisingekuwepo». Maneno hayo msiyadharau, wala msiogope kumuuliza waziwazi kama anafikiria kufa. Kumuuliza hakumpandikizii wazo hilo. Humpa ruhusa ya kusema. Msimwache peke yake, mpelekeni hospitalini, Mkomaindo, Ndanda au palipo karibu. Na msichana anayekuwa mkimya ghafla, ulizeni kwa upole nani anamsumbua kabla ya kuuliza nani kampa simu. Namba 116 ya Simu kwa Mtoto ipo, na haitozi kitu. Desturi yetu ya ukoo wa mama inamfanya mjomba kuwa mtu mzito katika maisha ya kijana. Wajomba, tumieni uzito huo kusikiliza, si kuitwa tu siku ya mahari na siku ya kosa.

Tuendako

Ndugu zangu, hatuanzi na mikono mitupu. Tunayo Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009. Tunayo Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto, iliyozinduliwa Desemba 2021, inayomtazama mtoto tangu tumboni hadi miaka minane. Ndani yake, malezi yenye mwitikio yamewekwa bega kwa bega na lishe na afya. Tunayo pia mila ambayo tayari inajua kwamba mtoto hukua kwa ngazi na kwamba kila ngazi ina mwalimu wake.

Ninaomba mambo manne. Wahudumu wa kliniki, mnapompima mtoto uzito, muulizeni mama pia: anacheka? Anakutafuta kwa macho? Walimu, mtoto anayelia darasani asizomewe, na aliyenyamaza mwezi mzima aitwe pembeni aulizwe. Makungwi na ngariba, kaeni na wazazi, viongozi wa dini na halmashauri, mkubaliane umri ulio chini yake mtoto haingii kumbini, na muongeze somo moja: mtu mzima akiumia hufanya nini, humwambia nani. Hakuna anayeweza kufundisha somo hilo kama ninyi. Na wazazi, wa kiume hasa, watoto wetu wasikie angalau mara moja kutoka vinywani mwetu: «Leo nimehuzunika», «Nimekasirika, ngoja nipoe kwanza.» Hawawezi kujifunza maneno ambayo hatuyasemi.

Jando na unyago za Desemba hii zimekaribia. Kabla ya kuchinja kuku na kuwaita wapiga ngoma, kila mzazi amuulize mwanawe anaogopa nini, kisha anyamaze amsikilize.